Picha za Kupamba Zisivuje: Programu Fiti za Kuhamisha, Kupanga na Kugeuza Picha za Kamera

Wasee wa kamera kutoka Liwatoni, Ganjoni mpaka Mji wa Kale wanajua venye msimu wa harusi huwa. Wikendi moja inaweza kukupa nikaha msikitini, usiku wa kupamba ukumbini, halafu maharusi wanataka kupiga luku Mama Ngina jua likizama. Ukifika keja una kadi mbili za GB 64 zimejaa, laptopu ya RAM ya GB 4 inapumua kwa shida, na mama wa bibi harusi ashakupigia mara tatu.

Hapo ndipo wengi huuliza: programu gani inaediti poa? Swali si baya, ila ni la pili. La kwanza ni hili: picha zikitoka kwenye kadi zinaenda wapi, na nani mwingine anaweza kuzifikia? Karibu kila programu siku hizi inaweza kung'arisha uso na kuweka rangi. Si kila moja inayokuachia usukani wa faili zako.

Kwa nini tunapima na kupamba

Kupamba ni usiku wa kina mama peke yao, wanaume huusikia tu kwa stori. Bibi harusi anatolewa akiwa amepambwa, hina imepanda mpaka mikononi, na wageni nao wanavua mabuibui ndani ya ukumbi kwa sababu hakuna mwanamume. Shughuli nyingi siku hizi simu za wageni zinazuiwa mlangoni. Mpiga picha ni mwanamke, na mboka anaipata kwa kuaminika, kabla hata ya kuulizwa anabeba kamera gani.

Sasa piga picha hii kichwani: ukumbi mzima umefungwa, simu zimekusanywa, halafu kadi ya kamera inatoka nje na sura za wageni wote. Dada wa kamera ndiye mlango wa mwisho. Picha moja ikitua kwa grupu la WhatsApp la mtaa, bibi harusi ataishi nayo, wageni wake wataishi nayo, na huyo dada hataitwa tena Mji wa Kale nzima.

Mambo haya hayakuanza na intaneti. Zamani familia za Mombasa zilikuwa zinaenda studio kama ile ya N. V. Parekh, na miaka ya 1990 karibu na ferry ya Likoni kulikuwa na vibanda vya wapiga picha vyenye mapazia yaliyochorwa, unasimama hapo unatoka kama uko ng'ambo. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend aliwaandikia hao wasee wa ferry, na baadaye akaandika kitabu kizima kuhusu Waswahili wa pwani na uamuzi wa nani aonekane na nani asionekane pichani. Enzi hizo ilitosha kujua nani ameshika negativu. Sai negativu ni faili, na faili inaweza kuwa mahali patatu kwa wakati mmoja bila wewe kujua.

Na sheria iko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga klabu ya Casa Vera faini ya Sh1.85 milioni kwa kuposti picha ya mteja bila idhini, na Roma School ikalimwa Sh4.55 milioni kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hizo ni doo za kununua kamera mpya, lenzi, na gari la kuzibebea.

Kuhamisha: hapa ndipo picha hupotea

Anza na kisoma kadi cha USB 3, si waya wa kamera. Ukipiga picha 2,000 za RAW za MB 25 kila moja, hiyo ni GB 50. Kisoma kadi cha zamani cha USB 2 kinachosukuma MB 30 kwa sekunde kitakula karibu nusu saa. Kipya kinachofika MB 90 kinamaliza kwa dakika tisa hivi. Na kamera ikizimika betri katikati ya uhamisho, hapo umejitafutia.

Usikate faili ukabandike. Nakili. Ukikata, stima ikipotea au waya ukichomoka katikati, kuna picha ambazo hazitakuwa upande huu wala ule. TeraCopy ya Windows inanakili na kukagua kila faili kama imefika sawa na ilivyotoka, na hiyo hatua ya kukagua ndiyo sababu ya kuiweka. Ukimaliza, nakili tena kwa diski ya nje. Kadi usiiguse mpaka nakala mbili zifunguke mbele ya macho yako, kisha ifomati ndani ya kamera, si kwenye laptopu.

Wanaotumia pesa kidogo hupenda Photo Mechanic. Wapiga picha wa magazeti na michezo wameizoea kwa sababu mbili: inaonyesha picha haraka hata kama ni RAW nzito, na inaweza kushusha kadi kwa diski mbili kwa mkupuo mmoja. Ni ya kulipia. Kama unapiga mechi au mikutano ya siasa na mhariri anataka picha kabla ya chai ya saa kumi, inajilipa. Kwa harusi moja kwa mwezi, acha.

Watengenezaji wa kamera nao wana programu zao za bure, na wasee huzipuuza bure tu. Canon ina EOS Utility na Digital Photo Professional, Nikon ina NX Studio iliyotoka 2021, Sony ina Imaging Edge Desktop. Rangi zinatoka zile zile ulizoziona nyuma ya kamera. Shida ni moja: programu ya Canon haitakufungulia RAW ya Nikon, na ya Nikon haitambui ya Canon. Ukiwa na mwenzako wa kamera ya pili mwenye chapa tofauti, unabaki na programu mbili, folda mbili, na kizunguzungu kimoja.

Majina ya faili pia yanachoma watu. Kamera nyingi huhesabu mpaka 9999 kisha zinarudi 0001, na kamera mbili za Canon zote zinaandika IMG_. Ukimwaga kadi zote kwa folda moja, kompyuta itakuuliza kama ubadilishe faili ya kwanza na ya pili, na saa nane usiku kidole hubonyeza ndiyo. Weka programu ibadilishe majina wakati wa kushusha, mfano 2025-08-16_kupamba_A_0001, herufi A ikiwa kamera ya kwanza na B ya pili. digiKam, Lightroom Classic na Photo Mechanic zote zinafanya hivyo. Hakikisha pia saa za kamera zote mbili zinalingana kabla ya shughuli, la sivyo bibi harusi ataonekana anatoka ukumbini kabla hajaingia.

Mtego wa folda ya Pictures

Hapa nikuchanue, kwa sababu ndipo uvujaji wa kimyakimya huanzia. Kwenye laptopu nyingi za Windows 11, OneDrive inaweza kuwa inapeleka folda za Desktop, Documents na Pictures mtandaoni tangu siku ile ulipoweka akaunti ya Microsoft ukabonyeza kubali, kubali, kubali. Programu nyingi nazo zikishusha kadi zinaelekea Pictures bila kuulizwa. Matokeo: picha za kupamba zinaanza kupanda mtandaoni kabla hujavua viatu. Nafasi ya bure ni GB 5 tu, kwa hivyo utapata onyo kuwa imejaa, lakini hizo GB 5 za kwanza zishakwenda.

Dawa yake ni rahisi. Fungua mipangilio ya OneDrive, zima uhifadhi wa folda ya Pictures, kisha tengeneza folda yako ya kazi nje kabisa, mfano D:\Kazi. Halafu elekeza programu yako ya kushusha pale.

Lightroom nayo ziko mbili na watu huchanganya. Ile inayoitwa Lightroom peke yake imejengwa juu ya hifadhi ya mtandaoni: ukiingiza picha kwa njia yake ya kawaida, picha asili zinapanda kwa seva za Adobe. Lightroom Classic inaacha picha zako kwa diski yako mpaka wewe mwenyewe uamue kusawazisha mkusanyiko fulani. Kwa kazi ya kupamba, ni Classic ama uachane na Lightroom kabisa.

Simu ndiyo kichekesho. Umejifungia kila mlango, halafu unarusha picha tano kwa simu umwonyeshe mteja, na Google Photos inazihifadhi kwa akaunti ambayo mdogo wako ameilogia kwa tableti ya nyumbani. Kagua ni folda gani za simu zinazohifadhiwa, na zima ile ya picha zinazotoka kwa kamera. Isitoshe, tangu Juni 2021 Google Photos haitoi tena hifadhi ya bure isiyo na kikomo. GB 15 za bure, zinazogawanwa na Gmail na Drive, zinabeba RAW kama 600 za saizi ile tuliyotaja. Harusi moja haitoshei.

Na hata ungetaka kupandisha GB 50 zote kwa intaneti ya Mbps 10 ya kupandisha, ni zaidi ya saa 11, stima ikiwa imetulia.

Kupanga

Kwa maoni yangu, dada anayeanza mboka hii aweke digiKam. Ni ya bure, hata kwa kazi ya kulipwa, na inafanya kazi Windows, Mac na Linux. Inashusha kadi, inabadilisha majina, inaonyesha picha gani ni mpya na gani ulishazishusha, inakubali nyota na lebo, na ina sehemu ya kugeuza picha mia tano kwa mkupuo. Pia inatambua sura: ukishaiambia huyu ni bibi harusi na huyu ni shangazi, inakutafutia wengine. Kitu muhimu ni kwamba kazi hiyo inafanyika ndani ya kompyuta yako. Mara ya kwanza itahitaji kupakua faili zake kutoka mtandaoni, baada ya hapo unaweza kuzima Wi-Fi na maisha yaendelee. Linganisha na huduma za mtandaoni ambapo sura za wageni wote lazima kwanza zisafiri.

Faida ya sura ni kubwa kuliko unavyodhani. Mgeni mmoja akisema hataki picha zake zibaki, unazipata zote kwa dakika badala ya kupitia 2,000 moja moja.

Ubaya wake? digiKam ni nzito kwa mashine ya GB 4, na menyu zake zimejaa mpaka unatafuta kitu ulichokiona jana. Mpe saa moja ya kuikagua kabla ya kumpa kazi ya mteja. Washa pia ule mpangilio wa kuandika lebo ndani ya picha au kwa faili ndogo za XMP pembeni, ili ukihamia programu nyingine usianze moja.

Lightroom Classic bado ndiyo inayopendwa na studio nyingi, na kwa kuediti haraka inastahili sifa. Ina pia chaguo la kuweka nakala ya pili kwa diski nyingine wakati wa kushusha. Ila unalipa kila mwezi au mwaka. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza 2022, imewarahisishia wasiokuwa na kadi ya benki, lakini ukikosa chapaa siku ya makato, sehemu ya kuediti inafungwa. Picha zako utaziona na utaweza kuzitoa, kuzigusa ndio hapana. Na kosa linalosumbua kila mgeni wa Lightroom: ukihamisha au kubadilisha jina la folda nje ya programu, inaanza kulia kuwa haioni picha. Hamisha ndani yake.

Crack usiweke. Wacha hadithi ya maadili, angalia tu kilichoko hapo: unachukua programu iliyofunguliwa na mtu usiyemjua, unaambiwa uzime kinga ya virusi kwanza, halafu unaiweka kwa mashine ile ile yenye sura za wake za watu. Zii.

Wenye Picasa bado wapo, najua, ilikuwa tamu. Google iliiacha Machi 2016. Haijui faili za CR3 ambazo Canon ilizianza 2018, na hakuna anayeziba mianya yake. Iage.

Mashine ikiwa dhaifu kabisa, FastStone au XnView MP zinachambua picha haraka bila kuiua. Soma masharti lakini: hizo mbili, pamoja na IrfanView, ni za bure kwa matumizi ya nyumbani. Ukilipwa kwa picha, leseni inahitajika. digiKam, darktable na RawTherapee hazina sharti hilo.

Kugeuza

RAW haiendi kwa mteja. Simu yake haitaifungua, na hata ikifunguka itaonekana imepauka. Kwa kuikuza, darktable na RawTherapee ni za bure na zina nguvu ya kushangaza, ingawa darktable inataka kompyuta yenye misuli na uvumilivu wa mwezi mzima. Zote mbili haziharibu faili asili: mabadiliko yanaandikwa kwa faili ndogo pembeni. Ukihamisha RAW ukaiacha hiyo faili ndogo, kazi yako ya usiku kucha imebaki nyuma.

Kama kamera yako ni mpya na programu yako ni ya zamani, Adobe DNG Converter ni ya bure na inageuza CR3, NEF au ARW kuwa DNG, fomati ambayo Adobe iliitoa 2004 na programu nyingi zinaielewa, hata Snapseed ya simu. Picha za iPhone ambazo bi dada wa pili alikuletea zitakuwa HEIC, kwa sababu tangu iOS 11 ya 2017 ndiyo fomati yake ya kawaida. XnView MP na digiKam zinaweza kuzigeuza kuwa JPEG.

Mipangilio ya kutoa ni mifupi. Rangi iwe sRGB, kwa sababu Adobe RGB kwa simu na kwa maabara nyingi za kuchapa hufanya ngozi ifubae. Ubora wa JPEG 85 mpaka 90 unatosha. Picha ya inchi 4 kwa 6 inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, na A4 inahitaji 2,480 kwa 3,508. Za Instagram upana wa 1,080. Tengeneza seti mbili, ya kuchapa na ya simu, usimpe mtu faili ya MB 12 akalalamike bando limeisha.

Kabla ya kutoa, ondoa data iliyofichwa ndani ya picha. Kamera iliyounganishwa na apu ya simu inaweza kuandika mahali hasa picha ilipopigwa, na picha ya hina iliyopigwa nyumbani kwa kina bibi harusi haihitaji kubeba ramani ya nyumba yao. Lightroom ina kisanduku cha kuondoa mahali, digiKam nayo inafuta data hiyo, na ExifTool ya bure inafanya folda nzima kwa amri moja kama huogopi skrini nyeusi. WhatsApp huondoa nyingi ya data hiyo ukituma kama picha, lakini pia inaziminya mpaka zinapoteza utamu. Ukituma kama hati, ubora unabaki na data inabaki vile vile.

Kumkabidhi mteja na kufunga kazi

Linki ya Drive ya "yeyote mwenye linki" ni mlango wazi, maana linki husambazwa kama stori. Kama lazima iwe mtandaoni, ruhusu barua pepe moja ya bibi harusi. Njia bora Mombasa hii ndogo ni flashi mkononi. Funga folda kwa 7-Zip, ambayo ni ya bure na ina usimbaji wa AES-256, kisha pasiwadi umwambie kwa simu, usiiandike kwa karatasi uliyoibandika kwa flashi hiyo hiyo. Nimeona.

Diski yako ya kazi nayo isimbe kwa VeraCrypt, au BitLocker kama una Windows Pro. Begi likiibwa kwa matatu, mwizi anapata diski na wala si picha. Vivyo hivyo laptopu ikienda kwa fundi kubadilishiwa skrini. Pasiwadi ukiisahau hakuna wa kukusaidia, kwa hivyo ihifadhi mahali pawili.

Kadi za kuazimana ndizo balaa lisilosemwa. Kufomati kadi kwa kamera mara nyingi hakufuti picha, kunafuta tu orodha yake. PhotoRec, programu ya bure, inaweza kuzifufua, na imeokoa harusi nyingi za watu. Lakini inamfanyia kazi pia yule uliyemwazima kadi jana. Kabla ya kuazima au kuuza kadi iliyopiga kupamba, ijaze yote kwa kitu kingine, hata kama ni video ya saa nzima ya bahari pale kivukoni, kisha ifomati tena. Ama nunua kadi ya kupamba peke yake, iwe na kibandiko, isitoke mkobani.

Mwisho elewaneni na mteja kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp unatosha: picha utakaa nazo muda gani baada ya kumkabidhi, zipi unaruhusiwa kuweka kwa ukurasa wako, na nani mwingine aliyeziona wakati wa kuediti. Siku ya kuzifuta ikifika, futa kwa laptopu, kwa diski ya nje, kwa simu, na umwage pipa la taka la kompyuta. Kumbuka na picha ndogo: digiKam na Lightroom huhifadhi vijipicha vyao vya kuonyesha haraka, na vinaweza kubaki hata kama faili ulizifuta nje ya programu. Futia ndani ya programu, kisha safisha hifadhi yake ya vijipicha.